Misumari Sita kwenye Mlango wa Mzee Joakimu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka natamani kumshika sikio kijana niliyekuwa na kumtikisa mpaka meno yagongane. Nimezeeka, magoti yananilalamikia kila asubuhi, na wengi niliokuwa nao siku ile wametangulia mbele ya haki. Lakini hasira yangu juu ya yule kijana haijapoa. Kijana mwenyewe ni mimi. Kaa nikusimulie, maana naona na wewe umeanza kuokota tabia zake, na sitaki uzikusanye zote.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nina banda langu la makochi na magodoro pale Rahaleo. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, vita vimewaka ng'ambo ya Ruvuma, na mji wa Mtwara ulikuwa na magari ya kuhesabika. Kazi nilifundishwa na marehemu baba yangu mdogo. Alinifundisha vizuri, tatizo halikuwa yeye. Tatizo ni kwamba nilikuwa na jibu kabla mtu hajamaliza swali. Debe tupu haliachi kuvuma, na mimi nilivuma, mwanangu, nilivuma mpaka watu wa mtaa wa Shangani walinisikia.

Mmoja wa wateja wangu alikuwa Mzee Joakimu wa Kilambo. Alikuwa Mmakonde wa ng'ambo. Aliuvuka mto ujanani kuja kukata mkonge, akaoa huku, akalima mpunga, akafanya biashara ya mchele na samaki wakavu, na utu uzima ulipomfika akanunua gari la karani mmoja wa Kizungu aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Lilikuwa gari dogo la milango minne, kuukuu, rangi yake ya maziwa yaliyoingia moshi. Kijiji kizima hakikuwa na gari jingine. Kwa hiyo lilikuwa la Joakimu kwa jina tu. Kwa matendo lilikuwa la wagonjwa, la maharusi, la maiti, na la kila mwenye gunia la kupeleka sokoni. Mzee alilifuta vumbi kwa khanga za mkewe, na mkewe alinuna mwaka mzima.

Basi akaja bandani kwangu mvua za kwanza zilipoanza. Akafungua mlango wa nyuma wa upande wa kulia, akanionyesha. Ule upande wa ndani wa mlango, mwanangu, huwa na paneli, yaani kipande cha hadibodi, ule ubao mwembamba, kilichovishwa kitambaa. Kitambaa hicho, cha kijivu chenye mistari, kilikuwa kimeachia na kuning'inia kama sikio la mbuzi.

"Fundi," akasema, "gali yangu inavua nguo."

Herufi ya 'r' ilimpiga chenga maisha yake yote, na mimi mtoto wa mjini nikacheka pembeni. Hilo nalo linanikera nikilikumbuka. Mzee alikuwa anazungumza lugha nne, na mimi hiyo moja niliyokuwa nayo nilikuwa naitumia kujisifu.

Nikamjibu, "Hiyo ni kazi ya kumaliza kikombe cha chai, mzee."

Nilikishika kitambaa. Kilikuwa baridi, kimelowa kwa ndani, na ile hadibodi chini yake ilikuwa imevimba. Mkono wangu ulisikia. Kichwa hakikutaka kuulizwa. Nikakoroga gundi ya unga wa muhogo, ile tuliyobandikia karatasi kwenye masanduku, nikapaka, nikabandika, nikapiga piga kwa kiganja, nikamwambia mzee aende zake kwa amani.

Wiki mbili hazikutimia, akarudi. Mende walikuwa wamekula gundi wakakiacha kitambaa, na ndani ya gari kulikuwa na harufu ya makopa ya muhogo yaliyonyeshewa. Mzee Joakimu hakusema kitu kibaya. Alisema tu kwamba abiria wake wanauliza kama amebeba maiti.

Mara ya pili nikaenda kuazima gundi ya fundi viatu. Gundi kali, inayotoa machozi. Nikajua sasa nimekikomesha. Gari likashinda juani sokoni siku tatu, kitambaa kikavimba mapovu kama uji unaochemka, na mvua iliyofuata kikaanza kubanduka tena. Mzee akarudi. Alikuwa mtu wa subira, lakini hata subira ina ukingo wake. Akachuchumaa mbele ya mlango ule, akakitazama kitambaa kwa muda mrefu, halafu akaniuliza:

"Fundi, mbona kila mala kinaanzia chini?"

Mwanangu, swali hilo lilikuwa na dawa yote ndani yake. Mtu ambaye hajawahi kushika sindano ya makochi ndiye aliyeliona. Kama ningekaa kimya kwa muda wa kumeza mate tu na kulifikiri, nisingekuwa na kisa cha kukusimulia leo. Lakini mimi nikamjibu papo hapo, "Ni joto, mzee. Joto hupanda kutoka chini." Sijui joto gani hilo. Nilikuwa nalitunga huku nalisema.

Hapo nikakasirika. Unajua nilimkasirikia nani? Nilikikasirikia kitambaa! Nilikiona kina ukaidi, kinanidhalilisha mbele ya wateja wengine waliokaa kwenye benchi langu. Nikachukua nyundo na misumari sita ya inchi mbili, nikaipiga juu ya kitambaa, ikapita kwenye hadibodi, ikaingia ndani ya mlango nisikokuona. Kisha kila kichwa cha msumari nikakivisha kifungo cha kochi, kimoja kimoja, kwa mpangilio, mlango ukapendeza kama sofa ya bwana harusi. Watu wa benchi wakanisifu. Mzee Joakimu akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze.

Sasa sikiliza vizuri. Kitasa cha nje cha mlango ule kilikuwa kimevunjika zamani. Mlango ulifunguliwa kwa kitasa cha ndani peke yake. Ukiwa nje, unapitisha mkono dirishani. Na kitasa hicho cha ndani huvuta ufito mwembamba wa chuma unaopita ndani ya mlango mpaka kwenye kufuli. Mzee alipokizungusha kukijaribu, kiligoma, halafu kikaachia kwa mlio. Kak!

"Mbona kizito?" akauliza.

Nilijua. Msumari mmoja ulikuwa umekaa kwenye njia ya ule ufito. Kuutoa ilikuwa kazi ya dakika tano, lakini ningeutoa mbele ya watu walionisifu sasa hivi.

"Kitalainika chenyewe, mzee," nikasema. "Ni kwa sababu ya upya."

Upya! Kwenye gari lile!

Siku kadhaa baadaye niliishiwa sufi ya kujazia magodoro, na Kilambo ilikuwepo ya kutosha. Mzee Joakimu, kwa wema wake, akanipakia bure, nikalala kwake. Asubuhi nikakuta nyumba imechangamka vibaya. Binti yake mkubwa, Anastasia, alikuwa amekuja kwa wazazi wake kujifungua mtoto wake wa kwanza, mumewe yuko Lindi kwenye kazi ya barabara. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana mchana, na hapakuwa na dalili ya mtoto kutoka.

Mkunga aliyemhudumia alikuwa Bi Esha, mama mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kutoboa ukuta. Nusu ya vijana wa vijiji vile alikuwa amewapokea kwa mikono yake, Waislamu kwa Wakristo. Akatoka ndani akafuta jasho akasema, "Joakimu, mtoto amekaa vibaya. Washa gari. Hospitali ya mjini, na iwe sasa hivi."

Tukampakia Anastasia kiti cha nyuma, nusu amelala, miguu ameikunja. Bi Esha akajibana miguuni pake. Mimi nikakaa mbele na mzee. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kutoona mkono wako. Kila gari liliporuka shimo, Anastasia alitoa sauti ambayo sijaisahau, na mzee alikuwa anaomba radhi kila mara, "Nisamehe mama, nisamehe mama," kama vile shimo alilichimba yeye.

Kabla ya kufika Madimba kuna korongo. Kiangazi unalivuka hujui kama umelivuka. Siku ile lilikuwa na maji mekundu yanayokimbia. Mzee akapunguza mwendo, akaingia taratibu, tukafika katikati, magurudumu yakateleza, gari likasukumwa likaenda kuegemea ukingo wa udongo upande wa kushoto. Injini ikazimika. Milango yote ya kushoto ikawa imebanwa na ukingo. Maji yakaanza kuingia miguuni.

Mzee akatoka kwa mlango wake, mimi nikapita pale pale nikamfuata. Maji yalitufika magotini. Tukaenda moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma wa kulia, kwa sababu ndio uliobaki. Mwanamke mwenye uchungu, tumbo limejaa, hawezi kuruka viti vya mbele, na dirisha lile lilikuwa linashuka nusu tu. Mzee akapitisha mkono, akazungusha kitasa.

Hakikwenda.

Akazungusha tena, kwa mikono miwili. Hakikwenda, na safari hii hata ule mlio haukutoka.

"Mvua imevimbisha mlango," mzee akasema, anahema. "Vuta fundi, vuta!"

Mwanangu, hapa ndipo nataka unitazame usoni. Nilijua ni nini. Hakuna mtu mwingine pale korongoni aliyejua, ila mimi. Nilikijua hata kifungo chenyewe, cha tatu kutoka juu. Kuna mdomo uliotakiwa kufunguka ukasema maneno matatu tu, na mdomo huo ulikuwa wangu. Nikanyamaza.

Nilivuta mlango ambao nilijua hauvutiki. Nilisukuma gari ambalo halisukumiki. Nilikwenda kutafuta mawe ya kuweka chini ya magurudumu, nikarudi, nikaenda tena. Nilipaza sauti kuita watu mashambani. Ungeniona ungesema, kijana gani huyu mwenye huruma na bidii! Kila kitu nilifanya isipokuwa kusema. Nilikuwa naogopa aibu. Mtu anafia ndani ya gari, na mimi naogopa wataniita fundi gani!

Maji yakafika kwenye kiti. Bi Esha alikuwa amemnyanyua Anastasia mgongo ili asilowe, amembeba kifuani kama mtoto. "Nahitaji nafasi!" akapiga kelele. "Humu siwezi kumgeuza mtoto, nasikia miguu yake! Fungueni mlango huu!"

Na Anastasia, kwa sauti ndogo, akasema, "Baba, usiniache humu."

Mzee Joakimu akaacha kuvuta. Akaweka paji la uso juu ya bati la gari lake. Mvua ikimwagika mgongoni, akaanza kusema peke yake, "Ni mimi. Nililijua gali hili bovu. Watu waliniambia niliache, nikajifanya mwenye gali, nikampakia mwanangu. Ni mimi ninayemuua."

Hapo nilishindwa. Ningeweza kuvumilia kutukanwa, ningeweza kuvumilia kupigwa. Kumwona mzee yule anajitwisha kosa langu, huku nimesimama ubavuni pake na jiwe mkononi, hilo sikuliweza.

"Mzee, siyo wewe," nikasema. "Ni msumari wangu. Msumari umebana ufito. Nilijua tangu siku ile."

Alinigeukia. Sikungoja kuona macho yake. Nikaingiza mikono yote miwili dirishani, nikashika kitambaa nilichokibandika mara tatu, nikakirarua. Hadibodi ilikuwa imeoza kwa maji, ikavunjika mikononi mwangu kama kitumbua. Nikapapasa ndani. Nikaukuta msumari, umejipinda kwa kule kulazimishwa, umekumbatia ufito. Plaizi ya mzee ilikuwa chini ya kiti, ndani ya maji, nani angeitafuta. Niliushika kwa vidole, nikautikisa, nikauvuta, kiganja kikachanika hapa, ukakataa, nikautikisa tena, ukatoka. Mzee akazungusha kitasa. Mlango ukafunguka kwa uzito wa maji, Bi Esha nusura aanguke.

Tulimbeba Anastasia kwa khanga mbili mpaka kwenye nyumba ya wakulima wa mihogo, mwendo wa kutupa jiwe kutoka barabarani. Wenye nyumba hawakuuliza sisi ni nani. Walitoka wao wakaingia yeye, mama wa nyumba akawasha moto akaweka maji.

Mimi nilikaa nje chini ya upenu. Mzee Joakimu alikaa upande mwingine wa mlango, rozari mkononi. Tulisikia sauti ya Bi Esha ikiamrisha, tukasikia kelele za Anastasia, halafu tukasikia kimya. Kimya kile kilikuwa kirefu, mwanangu. Nimewahi kuzika watu wangu wengi tangu wakati huo, na bado kimya kile kimo miongoni mwa mambo mazito niliyopata kuyabeba. Kisha likaja kofi, kofi la pili, na mtoto akalia kwa hasira, kama vile anatugombeza sisi sote tuliokaa nje.

Alikuwa msichana. Alitoka kwa miguu. Mama yake alikuwa amechoka sana, lakini mzima. Kesho yake maji yalipopungua, lori la korosho liliwachukua wakapelekwa hospitali, na wakarudi nyumbani wote wawili.

Lakini jioni ya siku ile mtoto alipozaliwa, kabla jua halijatua, Bi Esha alitoka nje akanawa mikono kwa maji ya mchirizi wa bati. Akanitazama mkono wangu niliouzungushia tambara. Akakaa juu ya kinu kilicholazwa.

"Ulijua tangu lini?" akauliza.

"Tangu siku niliyoupiga, bibi."

"Sikuulizi hiyo. Tulipokwama, maji yalipokuwa miguuni, ulijua?"

"Nilijua."

"Yalipofika kwenye kiti?"

"Nilijua, bibi."

Alitikisa kichwa, akasonya msonyo mrefu ambao hata Mzee Joakimu aliusikia. "Msumari sikulaumu sana," akasema. "Na mimi mikono hii imekosea, na mimi wako niliowakosea. Lakini kila nilipokosea nilisema pale pale: hapa nimekosea, mwiteni fulani anisaidie. Wewe ulikaa na dawa kinywani ukayatazama maji yanavyopanda. Ulitaka tufe, heshima yako ibaki? Ingekusaidia nini? Nani angekuletea kochi?"

Mimi, niliyekuwa na jibu la kila kitu, nikaanza kulifunga upya tambara la mkononi.

"Mficha uchi hazai," akasema. "Ninyi huwa mnalisema tu neno hilo. Sisi wakunga tunalijua. Ulimwona yule binti leo? Alikuwa na aibu kuliko wewe, baba yake yuko nje, kijana mgeni yuko nje, na akaivua aibu yake yote akaiweka chini, kwa sababu alitaka kuishi. Kajifunze kwake." Akainuka, akajipangusa, akaingia ndani.

Nilidhani Mzee Joakimu hatanisemesha tena maishani. Gari lake lilivutwa kwa kamba na watu wa Madimba. Mwezi haukupita, akaja nalo bandani kwangu. Nikamwambia kwamba yupo fundi mwingine karibu na soko, mzuri kuliko mimi.

"Aliyeivua nguo ni wewe," akasema. "Ivishe wewe. Lakini leo nakaa hapa, na utaniambia kila unachokifanya kabla hujakifanya."

Akavuta kigoda akakaa. Ukitaka kujua adhabu ni nini, fanya kazi huku unamweleza mtu kila hatua, mtu ambaye anajua unaweza kusema uongo. Nilitoa kitasa kwa bisibisi, nikatoa kishikio cha kuzungushia kioo, nikaondoa mabaki ya ile hadibodi. Kwa mara ya kwanza nikauona mlango kwa ndani, jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku ya kwanza. Mwanangu, mlango mzima ulikuwa mtungi! Ule mpira unaoshika kioo kwa nje ulikuwa umekufa, kwa hiyo kila mvua iliyonyesha iliteremka na kioo mpaka ndani. Chini kabisa mlango una vitundu vya kutolea maji hayo. Vilikuwa vimezibwa na matope na majani. Na ile karatasi ya nta ambayo hukaa kati ya chuma na hadibodi kuzuia unyevu, haikuwepo, pengine tangu enzi za yule karani. Maji yalikuwa yanajaa chini, yanainyonyesha hadibodi kutokea chini, na kitambaa kinaachia kuanzia chini, kama mzee alivyouliza. Hakikuwa na ukaidi wowote. Kilikuwa kinasema ukweli, mara tatu, na mara tatu nilikiziba mdomo.

Nilizibua vile vitundu kwa waya. Nikatafuta mpira mwingine, nikaupachika. Nikachukua karatasi ya mfuko wa saruji, nikaipaka nta ya mishumaa kwa pasi ya mkaa, nikaibandika juu ya chuma. Nikakata plaiwudi mpya, nikaipaka mafuta pande zote mbili, nikaiacha ikauke. Kitambaa nikakivuta taratibu, nikakikunja kwa nyuma, nikakibana huko huko nyuma mahali hakuna kinachopita. Kazi niliyosema ni ya kumaliza kikombe cha chai ilichukua siku tatu, na siku zote tatu mzee alikuwepo na kigoda chake. Siku ya mwisho nilimwagia mlango ndoo mbili za maji. Yaliingia juu, yakatoka chini kwenye vitundu, kitambaa kikabaki kikavu. Mzee akakigusa kwa nyuma ya mkono wake, akaguna, akawasha gari akaenda.

Hakumwambia mtu yeyote, Mungu amrehemu. Bi Esha ndiye aliyewaambia watu wote, na naye Mungu amrehemu, maana alikuwa na haki. Kwa mwaka mzima mtu akija bandani na gari, kabla ya salamu ananiuliza, "Mlango utafunguka?" Benchi zima linacheka. Nilimeza. Na kidogo kidogo, kwa sababu nilikuwa nimejifunza kusema "hapa sijui, ngoja nifungue niangalie," kazi zikarudi, nyingi kuliko zile za mwanzo. Hilo lilinishangaza. Nilikuwa nadhani watu humkimbia fundi anayesema hajui.

Basi, mwanangu, nimekusimulia kwa sababu juzi nilikusikia unamjibu mtu swali ambalo hulijui, tena kwa sauti kubwa. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ya Rahaleo.

Nasaha yangu ni hii. Kitu kikiharibika mara ya pili mahali pale pale, usiongeze nguvu. Simama ukiulize kinaumwa nini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndiyo, lakini na ufa wenyewe ujue umetokana na nini, la sivyo utajenga ukuta kila mwaka. Mtu asiye wa kazi yako akikuuliza swali la kijinga, lisikilize mara mbili, maana yeye anatazama kwa macho ambayo wewe umeyachosha. Kuhusu kukosa, utakosa tu. Nimekaa duniani miaka mingi na sijakutana na mkono usiokosa. Lakini saa ile ile unapojua umekosa, sema. Usingoje saa nzuri, usingoje watu waondoke, usitafute mawe ya kuweka chini ya magurudumu. Aibu ya kusema ni ya siku moja. Mtu akibeba kosa lako mbele ya macho yako nawe umenyamaza, hiyo haitoki, hata ukifikia umri wangu. Nakwambia ninachokijua.

Haya, nenda kazini. Mwenyezi Mungu akupe mikono isiyo na pupa na moyo usiolemewa na sifa za watu. Akukutanishe na wazee wa kukukanya mapema, kabla maji hayajapanda. Na siku utakapokosea, kwa maana siku hiyo itakuja, akupe ulimi mwepesi wa kukiri, na akujaalie watu watakaokaa nawe mpaka utengeneze. Amina, mwanangu. Amina.